Tetema: Kutoka baa za Nairobi hadi jukwaa la Budapest

KUNA kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho ndani ya miaka mitatu kilipewa hukumu mbili zinazopingana. Juni 2019, jijini Nairobi, aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya (KFCB), Dk. Ezekiel Mutua, alitangaza kwamba wimbo uliobeba kitenzi hicho ni mchafu, upigwe kwenye vilabu vya usiku na baa tu, na kwamba ni aibu kuwaona viongozi wakiucheza hadharani. Novemba 14, 2021, jijini Budapest nchini Hungary, kitenzi kile kile kiliimbwa kwenye jukwaa la tuzo za MTV za Ulaya, mbele ya kamera zilizorusha picha karibu dunia nzima. Aliyekiimba alikuwa Maluma, nyota wa Colombia, na ubavuni mwake alisimama kijana wa Mbeya, Raymond Shaban Mwakyusa, ambaye mashabiki wanamfahamu kwa jina la Rayvanny.

Neno lenyewe ni "tetema". Mzee anayetembelea mkongojo hutetema. Mgonjwa wa homa hutetema. Aliyeitwa polisi bila kuambiwa kosa lake naye hutetema. Mpaka 2019 hatukuwahi kusikia mamlaka yoyote ikililalamikia. Lakini lilipotiwa kwenye mdundo na kiuno kikaongezwa, likawa kesi, na Mzungu alipolipigia makofi likageuka fahari ya taifa. Safari hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza hapa, kwa sababu ndani yake kuna mambo makubwa kuliko muziki.

WIMBO NA WENYEWE

Kwanza tuweke sawa kumbukumbu. "Tetema" ulitoka Februari 2019. Uliimbwa na Rayvanny akimshirikisha bosi wake wa wakati huo, Diamond Platnumz, chini ya lebo ya Wasafi (WCB). Aliyeutengeneza ni prodyuza wa Dar es Salaam, S2kizzy. Haukuwa wimbo wa kuumiza kichwa. Ulikuwa wimbo wa kucheza, na kwa kucheza ulifika mbali: haukupita muda ukawa unapigwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi. Sisi tulio huku ughaibuni tuliukuta kwenye harusi. Watoto waliozaliwa huku, ambao ukiwasalimia "hujambo" wanakutazama tu, waliliimba neno hilo bila kukosea.

Novemba 2021 ukaja "Mama Tetema". Hapa Maluma ndiye mwenye wimbo na Rayvanny ndiye mshirikishwa. Kihispania kimejaa, lakini kiitikio kimeachwa kwenye Kiswahili chake, maana pale ndipo wimbo ulipokamata watu. Hii ndiyo inayoitwa rimiksi: wimbo unachukuliwa, unachanganywa upya, sauti nyingine inaingia, na soko jipya linafunguka. Sauti mbili za 2019 zilikuwa za Rayvanny na Diamond. Sauti mbili za 2021 ni za Maluma na Rayvanny. Usiku huo wa Budapest Diamond mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowania tuzo ya msanii bora wa Afrika, na tuzo ikaenda kwa Wizkid wa Nigeria. Bosi aliyekuwa akiwania hakushinda, na kijana wake aliyealikwa kuimba ndiye akapanda jukwaani. Mashabiki wa Bongo, wasioachia mambo kama hayo yapite hivi hivi, walipata la kuzungumza wiki nzima.

Siku tisa baada ya usiku huo, Novemba 23, 2021, mkutano mkuu wa UNESCO jijini Paris ulipitisha Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Serikali za Afrika Mashariki zilijipongeza, na zilikuwa na haki ya kujipongeza. Lakini tuwe wakweli. Mwezi huo Kiswahili kilipita kwenye milango miwili. Mmoja ulifunguliwa na mabalozi wenye suti, wakiwa na maazimio mkononi. Mwingine ulifunguliwa na vijana wa studio, ambao baadhi ya serikali hizo hizo zilikuwa zimewafungia midomo muda si mrefu uliopita.

"MWANZA" KWANZA, "TETEMA" BAADAYE

Mtu hawezi kuuelewa wimbo huu bila kurudi nyuma miezi michache. Novemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa Tanzania (BASATA) liliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond uitwao "Mwanza". Kilichosumbua hasa ni namna walivyolichezea neno "Nyegezi". Kila aliyefika jiji la Mwanza anaijua Nyegezi. Ni mahali pa watu na nyumba zao, na pana stendi kubwa ya mabasi ambako makonda hulipaza jina hilo alfajiri hadi usiku. Hakuna konda aliyepelekwa BASATA. Walioitwa ni waimbaji, kwa sababu walilitamka kwa namna ya kumfanya msikilizaji afikirie neno jingine linaloanza na silabi hizo hizo.

Desemba mwaka huo wawili hao waliuimba wimbo huo jukwaani, tena katika jiji la Mwanza lenyewe. BASATA ikawafungia kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi. Wakaomba radhi, na mwanzoni mwa 2019 zuio likaondolewa. Mwezi uliofuata "Tetema" ikatoka.

Hiyo haikuwa ajali. Mwanzoni mwa 2018 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizitaka redio na televisheni ziache kupiga nyimbo 13 zilizoelezwa kuvunja maadili, zikiwamo mbili za Diamond, "Hallelujah" na "Waka Waka". Aprili mwaka huo huo, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya habari na sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, aliliarifu Bunge kwamba Diamond amekamatwa na kuhojiwa kwa sababu ya picha za video alizoweka mtandaoni. Mwaka huo ndio pia zilipoanza kutumika kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizomtaka mwenye blogu alipe ada na leseni zinazofika shilingi milioni mbili na zaidi kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Msanii, mwanablogu na mhariri walitiwa kwenye tenga moja.

Tunayakumbusha haya kwa sababu kuna watu wanaodhani habari za nyimbo za kiuno ni porojo za vijana, na kwamba mwandishi wa siasa hana cha kutafuta huko. Sisi tunaona kinyume chake. Dola ikitaka kupima ni kiasi gani wananchi watavumilia, huanza na wale ambao hawana wa kuwatetea. Msanii aliyeimba tusi ni windo rahisi. Wazee wa dini watashukuru, wazazi watapumua, na wasomi watasema kijana amezidi. Wakati wote huo wanashukuru na kupumua, mkono uliofungia wimbo unazoea kazi. Kesho unafungia gazeti.

Na kweli ulifungia. MwanaHalisi lilifungiwa miaka miwili mwezi Septemba 2017. Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni Juni 2020. Hayo pamoja na Mawio na Mseto yalifunguliwa Februari 2022, baada ya uongozi kubadilika. Lakini gazeti lililokaa miaka bila kutoka si sawa na wimbo uliokaa miezi bila kupigwa redioni. Wimbo una YouTube, una simu za vijana, una Nairobi na Lagos. Gazeti likifungiwa waandishi wanatawanyika, mashine inauzwa, msomaji anazoea kuishi bila lenyewe. Hakuna Maluma wa kuja kulichukua alitie mdundo mpya.

NANI ANAFAIDI WIMBO UKISAFIRI?

Sasa tuje kwenye fedha, maana kwenye fedha ndiko mabishano ya Budapest yalikopaswa kuelekea.

Wimbo wowote una haki mbili ndani yake. Ya kwanza ni haki ya utunzi, yaani maneno na mahadhi. Ya pili ni haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Atakayeupakia upya wimbo kwa sauti mpya anaweza kuiacha rekodi ya zamani kabisa, lakini hawezi kuukwepa utunzi. Lazima apate ruhusa ya watunzi, na jina la kila mtunzi liandikwe na fungu lake. Ndiyo maana katika biashara hii aliyeandika kiitikio kinachodumu anaweza kula matunda yake miaka mingi kuliko aliyekiimba. Mwenye rekodi, ambaye kwa kawaida huwa ni lebo, anakula kwenye rekodi yake tu.

Kwetu hesabu hii haieleweki kwa wengi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na ina COSOTA ya kuisimamia. Hata hivyo, prodyuza wengi bado wanalipwa fedha ya kutengeneza mdundo mara moja, wanashikana mikono na msanii na kuagana. Hakuna karatasi. Wimbo ukibaki mtaani, hakuna anayeumia sana. Ukifika Colombia, karatasi ile ambayo haikuandikwa inageuka mamilioni yaliyopotea.

Na tusijifanye kwamba wenye tabia ya kuchukua nyimbo za wengine ni watu wa mbali tu. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny hawa hawa walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwanamama wa Kagera aliyeitikisa nchi nzima kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wimbo ule mpya ulilirudisha jina la Saida midomoni mwa watu ambao walikuwa wameshamsahau, na ambao wengine walikuwa watoto alipovuma. Hilo ni jema. Lakini umma ulipoupokea uliuliza swali moja kwa sauti: je, mama amepewa chake? Swali hilo hilo ndilo lililostahili kuulizwa Budapest, na lilizimwa na vigelegele.

Historia inatufundisha tusiache kuuliza. "Malaika" imezunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba na wengine wengi, na hadi leo wapo wanaobishana nani hasa aliitunga, huku Fadhili William wa Kenya akibaki kuwa jina linalotajwa zaidi. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ilitoka 1982, na mwaka uliofuata Boney M wakaipakia upya kwa Wazungu. "Hakuna matata", maneno ambayo hakuna Mswahili anayeweza kusema ameyatunga yeye, yalisajiliwa na kampuni ya Disney nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara mwaka 2003, na Waafrika wengi walikuja kushtuka mwishoni mwa 2018. Kiswahili kina sifa moja mbaya: kinapendeza kwa wageni na wenyewe hawakiandikishi.

Kwa kipimo hicho, "Mama Tetema" ni hatua mbele. Jina la Rayvanny limo kwenye wimbo. Sura yake imo kwenye jukwaa. Hakufika pale kama mcheza ngoma wa kupamba, alifika kama mwenye wimbo aliyemkaribisha mgeni ndani, ingawa kwenye jalada mgeni ndiye aliyeandikwa kwanza. Kutoka "Malaika" hadi hapo ni zaidi ya nusu karne. Tumechelewa, lakini tumesogea.

Kuna kichekesho kimoja ambacho hatuwezi kukiacha. Dk. Mutua, aliyesema "Tetema" ibaki baa, aliondoka KFCB mwaka 2021, na mwaka 2022 akawa mkuu wa MCSK, chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki wa Kenya. Mtu aliyekuwa akipunguza mahali pa kupigia nyimbo akawa mtu wa kuwatoza wanaozipiga. Hatusemi kwamba alikosea kuhama. Tunasema tu kwamba baa zile zile alizoziruhusu kupiga wimbo ndizo ambazo mkusanya mirabaha huzigongea mlango.

RIMIKSI YA CHAMA

Ipo aina nyingine ya rimiksi ambayo haitangazwi kwenye tuzo zozote, nayo ni rimiksi ya dola. Machi 2017, polisi walimkamata mwanamuziki Nay wa Mitego kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", uliokuwa na maneno makali kwa watawala. Siku iliyofuata aliachiwa. Waziri Mwakyembe alieleza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo ule, na akamshauri msanii auboreshe kwa kuwaongeza wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Soma tena hapo. Asubuhi wimbo ni kosa la jinai, jioni ni rasimu inayosubiri masahihisho ya Ikulu. Katika yote mawili, mwenye wimbo hakuwa mwenye uamuzi.

Mwaka 2020 ukaja uchaguzi. Diamond, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa akihojiwa na polisi na kufungiwa na BASATA, aliugeuza wimbo wake "Baba Lao" kuwa wa kumsifu Magufuli na kuuimba kwenye kampeni za CCM. Wengine wa lebo na nje ya lebo walifanya mfano wake. Hatutaki kuwa wepesi wa kuhukumu. Msanii anayejua kwamba maonyesho yake yanategemea kibali, kwamba televisheni yake inategemea leseni, na kwamba barua moja inaweza kumfungia ndani na nje ya nchi, anaposimama kwenye jukwaa la chama tawala hasimami kwa mapenzi peke yake. Lakini pia hasimami bure. Tuseme yote mawili.

Umma ulijibu. Juni 2021, Diamond alipotajwa kuwania tuzo ya BET nchini Marekani, Watanzania waliosaini kwa maelfu walitaka jina lake liondolewe, kwa hoja kwamba aliutumikia utawala uliokandamiza watu. BET hawakuliondoa. Tuzo ilikwenda kwa Burna Boy. Wapo waliosema huo ni wivu wa Kibongo, kwamba sisi ndio pekee duniani tunaomvuta miguu mtu wetu anapopanda ngazi. Wapo waliosema ni mara ya kwanza mashabiki wamedai kitu kingine kwa msanii zaidi ya burudani. Sisi tulikuwa na tuko na hawa wa pili. Mtu anayekuomba kura ya tuzo kwa jina la taifa amekubali kuulizwa maswali ya taifa.

Oktoba 29, 2025 swali hilo lilirudi likiwa na damu. Uchaguzi wa siku hiyo ulifuatiwa na maandamano, watu waliuawa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, hasira za vijana ziliwaangukia pia wasanii waliokuwa wamepanda majukwaa ya kampeni. Waliitwa kwa majina, kurasa zao zikaachwa na wafuasi, na wito ukatolewa nyimbo zao zisichezwe. Hakukuwa na baraza la sanaa lililotoa amri hiyo. Wasikilizaji wenyewe ndio walioitoa.

Ndugu msomaji, tofauti hii ni kubwa na tusiipite haraka. Serikali ikifungia wimbo, wimbo unapata umaarufu zaidi. "Mwanza" uliimbwa na watu ambao wasingeujua kama BASATA isingeutaja. Lakini msikilizaji akifungia wimbo kwa hiari yake, hakuna Budapest inayoweza kuufungua. Adhabu ya dola hupita kwa barua ya kuomba radhi. Adhabu ya wananchi haina ofisi ya kupeleka barua.

MAPOKEZI YANATUAMBIA NINI?

Tukirudi kwenye usiku ule wa Novemba 2021, waliozungumza walikuwa makundi matatu.

Kundi la kwanza lilikuwa la washangiliaji. Kwao ilitosha kwamba kijana wa Mbeya amesimama pale, na vyombo vya habari vya nyumbani vikamtaja kuwa wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kutumbuiza kwenye tuzo hizo. Tunawaelewa. Rayvanny alishatuletea tuzo ya BET mwaka 2017, ya msanii mpya wa kimataifa iliyopigiwa kura na watazamaji. Nchi iliyozoea kusikia majina ya Lagos na Johannesburg yakiitwa inapoisikia lugha yake, ina haki ya kuruka.

Kundi la pili lilinung'unika. Walisema Kiswahili kimebaki neno moja ndani ya Kihispania kingi, kama nazi iliyotiwa kijiko kimoja kwenye sufuria la watu hamsini. Hawakukosea katika hesabu, lakini tunaona wamekosea mahali pa kulalamikia. Maluma ni mtu wa Medellín na anawaimbia watu wake kwa lugha yao. Kazi ya kukijaza Kiswahili kwenye wimbo si yake. Ni ya yule anayejua kwamba neno lake moja ndilo lililomfanya mgeni avuke bahari, na kwa hiyo ana nguvu ya kudai maneno kumi mara nyingine.

Kundi la tatu lilinyamaza, nalo ndilo lililotuvutia zaidi. Waliokuwa wamesema muziki huu ni uchafu hawakujitokeza kusema tena. Kama wimbo ni mchafu Nairobi na Mwanza, unasafishwa na nini ukifika Ulaya? Kama hausafishwi, mbona hawakulaani? Jibu tunalijua sote. Kilichokuwa kikilindwa wakati wote hakikuwa watoto. Ilikuwa ni heshima ya mwenye mamlaka ya kusema nani aimbe nini, na mamlaka hiyo hukoma pale anaposimama mtu mwenye kamera kubwa zaidi.

Tusieleweke vibaya. Mzazi ana haki ya kutotaka mtoto wake wa miaka saba aimbe nyimbo za kiuno, na redio ya asubuhi si disko. Kupanga muda wa kupiga nyimbo fulani, kuweka alama ya umri, kumwachia mwenye kituo awajibike kwa wasikilizaji wake, hayo yanafanyika hata kwenye nchi zenye uhuru mkubwa, na hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni pale ofisi moja inapokuwa na kalamu ya kufuta kazi ya mtu, kumfungia asile, kisha kumsubiri aje kupiga magoti, bila hakimu wala rufaa yenye maana. Ofisi hiyo leo inafuta neno "Nyegezi". Kesho itafuta jina la kijiji chako.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Maana yake kwenye ngoma za kwetu inajulikana: anayecheza vizuri mbele ya watu wake hutuzwa pesa na kanga palepale uwanjani. Kwa wasanii wetu methali hiyo imepinduliwa. Mcheza kwao hufungiwa, hutunzwa ugenini, kisha hurudi nyumbani kupokewa uwanja wa ndege na wale wale waliomfungia. Na akishapokewa, anaombwa wimbo wa kampeni.

Rayvanny aliondoka Wasafi Julai 2022 na kuendelea na lebo yake mwenyewe, Next Level Music. Hilo ni jambo lake na waliokuwa wenzake. Sisi tunachokitaka kwa vijana wanaomfuata ni vitu vitatu visivyo vigumu. Waandikishiane nani katunga nini kabla mdundo haujatoka studio, na prodyuza awemo. Serikali za Dar es Salaam na Nairobi ziziondolee ofisi zao kalamu ya kufuta, ziziachie kazi ya kukusanya na kulipa mirabaha, maana huko ndiko wasanii wanakoumia. Na msanii akumbuke kwamba neno aliloliimba hakulinunua dukani. Alilikuta midomoni mwa watu: kwa bibi anayetetema kwa uzee, kwa konda wa Nyegezi, kwa mama anayemwuguza mtoto mwenye homa. Watu hao ndio waliompa wimbo. Siku watakapokuwa wanatetema kwa hofu, atakuwa na deni la kuimba upande wao au, akishindwa, la kutoimba upande mwingine.